Asiyekuwapo na Lake Lipo

Hotuba ya wanakwaya katika Jubilei ya Miaka 25, iliyoandaliwa na Katibu wa Kwaya

 

Tunaanza kwa kumshukuru Mungu. Miaka 25 si mchezo, na miaka 25 hapa Garissa ni ushuhuda. Kamati ya jubilei ilitupa dakika 15 tusimulie historia ya kwaya. Majina ya viongozi wa tangu mwanzo na nyimbo tulizorekodi mtayakuta katika kurasa nyingine za kijitabu hiki, kwa hiyo hatutayasoma. Sisi tumechagua kuisimulia historia hiyo kwa kutumia kitu kimoja tu, ambacho leo tumekileta na kukiweka pale mezani karibu na kinanda. Ni daftari letu la kwanza la mahudhurio.

Daftari hilo lina jalada jeusi, kona zake zimeliwa na mchwa. Kurasa za mwanzo zina mwandiko mwembamba ulioinamia kulia. Ni mwandiko wa Bradha, mmisionari kijana kutoka ng'ambo aliyewakusanya waimbaji wetu wa kwanza. Wengi wetu tunaovaa sare hii leo tulikuwa bado shule ya msingi wakati huo, na wengine hatukuwa hata tumevuka daraja la Tana kuja huku. Bradha tunamjua kwa masimulizi ya mama zetu wa sauti ya kwanza, na kwa daftari hili.

Mama zetu wanasema alikuwa na miaka 26, mrefu kama mnazi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni. Jumapili yake ya kwanza alisimama wakati wa matangazo akasema kwa furaha kubwa, "Wapendwa, Jumamosi saa kumi jioni njooni wote kanisani, tuibe pamoja." Kanisa lilikaa kimya. Kisha askari mmoja aliyekuwa amekaa benchi la nyuma akajibu, "Bradha, siku hiyo mimi niko zamu." Watu walicheka hadi Padre akashindwa kuendelea. Lakini Jumamosi ile walifika watu 14, na tangu siku hiyo mazoezi yetu yakaitwa "wizi". Hata leo mkisikia mwanakwaya akisema anaenda wizini, msipige simu kituoni.

Nyuma ya daftari Bradha aliandika ratiba ya wiki yake. Tumeisoma mara nyingi tulipokuwa tukijiandaa kwa siku hii, na tungependa muisikie.

Jumatatu alikwenda gerezani kufundisha wafungwa nyimbo na kuwaandikia barua za nyumbani. Jumanne aliandika neno moja tu: "Waliokosa." Jumatano alifundisha wakatekumeni chini ya mwarobaini. Alhamisi alikwenda hospitali. Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri, alikwenda kukaa kibarazani kwa fundi cherehani mmoja, mzee Mwislamu mwenye Kiswahili safi, ili asahihishwe. Ndiye mzee aliyemweleza, kwa adabu na bila kucheka, tofauti ya kuimba na kuiba. Jumamosi mazoezi, Jumapili Misa, kisha wiki inaanza upya.

Ukiisoma ratiba hiyo haraka utasema mbona hakuna jambo kubwa. Hakuna mkutano wa injili wala mradi wenye kibao barabarani. Ni kijana na baiskeli yake, watu walewale, siku zilezile, joto lilelile. Na hata somo la Ijumaa si yeye aliyelifundisha, bali alifundishwa.

Sasa turudi kwenye Jumanne, na neno lile "Waliokosa". Daftari la kawaida la mahudhurio lina safu ya jina, safu ya tarehe, na pengine safu ya sababu. La Bradha lina safu moja zaidi, pembeni kabisa, yenye kichwa hiki: "Nani ameenda?" Mtu asipofika mazoezini Jumamosi, Jumanne mtu mmoja alikwenda kwake, na jina la huyo aliyekwenda liliandikwa. Mwanzoni ni jina la Bradha mwenyewe kila mstari. Baada ya miezi michache yanaonekana majina mengine: mama wa Kipokomo kutoka Madogo, karani wa duka, yule yule askari wa benchi la nyuma. Karibu na majina kuna maneno machache. "Mtoto ana homa." "Zamu ya usiku." "Amekasirika, nitarudi." Na wiki inayofuata: "Nimerudi. Amecheka."

Mwenyekiti wetu wa kwanza, Mungu amrehemu, alikuwa akisimulia kwamba siku moja wanakamati walimwambia Bradha anapoteza muda. Wakamtolea methali: asiyekuwapo na lake halipo. Akauliza maana yake, wakamweleza. Akafikiri, kisha akasema hapana, kwetu hapa asiyekuwapo na lake lipo. Tena lake ndilo la kwanza.

Wakamuuliza amejifunza wapi mambo hayo. Akasema, Wajir.

Hapa inatubidi tuwaache kidogo Garissa na tupande barabara ya kaskazini, kilomita zaidi ya 300, maana bila habari ya Wajir hamtaielewa safu hii ya daftari.

Mwaka 1969 alifika nchini kwetu msichana Mwitalia aitwaye Annalena Tonelli, kutoka mji wa Forlì. Alikuwa na miaka 25. Alikuwa amesomea sheria, lakini alikuja kama mwalimu, na akaishia Wajir. Hakuwa mtawa wala hakutumwa na shirika. Alikuwa mlei kama sisi. Aliwafundisha watoto wa Kisomali, na kwa kukaa nao akaona lililokuwa likiwamaliza watu: kifua kikuu. Ugonjwa huo uliogopwa na uliaibisha. Mgonjwa aliweza kutengwa na watu wake mwenyewe. Hata aliyefika hospitali alipewa matibabu ya muda mrefu, mwaka mzima au zaidi, na mfugaji hawezi kukaa mahali pamoja mwaka mzima wakati ngamia wake wanafuata mvua. Akipata nafuu kidogo anaondoka. Akiondoka, ugonjwa unarudi, na safari hii dawa haziuwezi kirahisi.

Mwaka 1976 Annalena alipewa jukumu la kuongoza mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu kifua kikuu kati ya wafugaji wanaohamahama. Aliwaalika wagonjwa wajenge vibanda vyao wenyewe, vya miti na mikeka kama walivyozoea, karibu na kituo cha walemavu alichokuwa akihudumu pamoja na wanawake wenzake wa kujitolea. Watu wakakiita kijiji kile manyatta ya TB. Hapo walikaa miezi sita, na kila siku kila mgonjwa alimeza dawa zake mbele ya macho ya mtu. Miezi ikiisha, walirudi malishoni wakiwa wazima. Njia hiyo ya kumeza dawa chini ya uangalizi baadaye ilienezwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi nyingi.

Ndugu zetu, tafakarini jambo hilo. Dawa zilikuwepo hata kabla yake. Kilichokosekana kilikuwa mtu wa kukaa pale, asubuhi baada ya asubuhi, akitazama kama fulani amekuja, na kama hakuja, aende akamtafute. Mwalimu aligeuza orodha ya darasa kuwa tiba.

Mwaka 1984, wanaume wa ukoo mmoja walipokusanywa na kuuawa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Annalena alikuwa miongoni mwa waliokwenda kuwaokota majeruhi na maiti, na habari hizo zikafika nje ya nchi. Mwaka uliofuata alilazimika kuondoka Kenya. Aliendelea na kazi ileile Somalia, na hatimaye Borama, ambako alijenga hospitali ya kifua kikuu na shule ya watoto viziwi. Juni 2003 alipewa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa kuwahudumia wakimbizi. Tarehe 5 Oktoba mwaka uleule alipigwa risasi na kuuawa katika eneo la hospitali yake. Alikuwa na miaka 60. Karibu wote aliowatibu walikuwa Waislamu, na Waislamu walibaki.

Habari za Annalena ndizo Bradha alizozisikia kwa wamisionari wazee alipofika, na ndizo zilizomfanya apige mstari wa safu ya nne kwa rula. Mafundisho ya kanisa tuliyajua kwa katekista. Bradha alituongezea hilo: kuhesabu watu ni namna ya kuwapenda.

Baada ya miaka mitatu Bradha alihamishwa. Daftari likapita mikononi mwa makatibu mbalimbali hadi likatufikia sisi. Na sasa tunakuja kwenye sehemu ambayo hatukupenda kuiandika, lakini jubilei katika Biblia ni mwaka wa kurudisha kilichochukuliwa, kwa hiyo hatuna budi.

Ile safu ya "Nani ameenda?" ilianza kuwa na mapengo. Kisha ikawa tupu. Kisha, tuliponunua daftari jipya, hatukuichora kabisa.

Tulikuwa na visingizio, na baadhi yake ni vizito. Jumapili ya tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili ya mji huu, kanisa la AIC na kanisa kuu la Mama wa Faraja, yalishambuliwa kwa maguruneti na risasi, na katika kanisa la AIC zaidi ya watu 15 walikufa. Alhamisi Kuu, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Ukurasa wa juma lile katika daftari letu hauna alama yoyote. Mapema mwaka 2020, baada ya walimu kuuawa Kamuthe, walimu wengi wasio wenyeji waliondolewa eneo hili, na kwaya yetu, ambayo nusu yake ni walimu, ikabaki na besi wawili. Katika hali hiyo ni nani angezunguka Jumanne jioni kubisha milango?

Lakini ukweli ni kwamba katika miaka hiyohiyo wapo waliozunguka. Baada ya Julai 2012, viongozi wa Waislamu walikubali vijana wao washiriki kuyalinda makanisa. Desemba 2015, basi liliposhambuliwa huko Mandera na abiria wakaamriwa wajitenge kwa dini, Waislamu walikataa kuwaacha Wakristo peke yao. Mmoja wao, Mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, na Januari 2016 alifariki kwa majeraha yake. Hao hawakusema asiyekuwa wetu na lake halipo.

Sisi tulifanya nini? Tulitunga katiba. Kifungu kimoja kilisema mwanakwaya atakayekosa mazoezi mara tatu mfululizo bila taarifa atafutwa. Kilikuwa kifungu kizuri kwenye karatasi. Tulikitumia kwa kalamu nyekundu.

Miaka michache iliyopita tulimfuta kijana mmoja wa besi, mfanyakazi wa mjengo, anayeishi peke yake katika chumba cha kupanga. Amekubali tuyaseme haya leo, ila bila jina. Alikosa Jumamosi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kuna aliyesema amepata pesa ametusahau. Kuna aliyesema amehamia kanisa lingine. Tukapiga mstari mwekundu, tukaendelea na wimbo wa matoleo.

Kijana huyo alikuwa na kifua kikuu. Alikuwa anakohoa usiku kucha, analoa jasho, anakonda, na aliona aibu kuja kukohoa katikati ya waimbaji. Aliyemwona ni jirani yake, mama Msomali auzaye maziwa ya ngamia sokoni. Mama huyo aliona mlango haufunguki asubuhi, akabisha. Akampeleka kituo cha afya, akapimwa, akapewa dawa bila malipo. Kisha mama huyo, ambaye hajui noti hata moja ya solfa, kwa miezi sita alisimama mlangoni pake kila alfajiri kabla ya kwenda sokoni, na kikombe cha maziwa, na hakuondoka hadi ameona dawa zimemezwa.

Siku moja alimuuliza kijana wetu, "Na wale watu unaoimba nao, wako wapi?"

Akamjibu, "Wamesafiri, mama."

Alitusitiri. Tulikuwa tumekaa mita mia chache kutoka chumbani pake, tukibishana juu ya rangi ya sare, na yeye akatutafutia udhuru kwa jirani.

Alipopona alikuja mazoezini, akasimama mlangoni, akauliza kama besi bado ina nafasi. Tuliposikia habari zake hakuna aliyeweza kuimba siku hiyo. Tulilitafuta daftari jeusi kabatini, tukafungua ukurasa wa kwanza, tukasoma kichwa cha safu ile ya pembeni. Hatukuhitaji mahubiri.

Ndiyo maana maandalizi ya jubilei hii hayakuanza na michango wala vitambaa. Yalianza na majina yote yenye mstari mwekundu. Tuliyagawana, tukapiga simu, na penye namba isiyopatikana tukauliza jumuiya kwa jumuiya. Wengine walikuwa Kitui, Meru, Kisumu, Hola. Wengine walikuwa hapahapa mjini, mtaa wa pili. Kuna aliyesema, "Nimengoja simu hii miaka minne." Kuna aliyetukemea kwanza, na alikuwa na haki. Na kuna namba moja, ya mama aliyeimba sauti ya pili miaka kumi na miwili, ambayo ilipokelewa na binti yake. Akatuambia mama alifariki mwaka juzi. Tulikuwa tumemfuta kwa utoro wakati yuko kitandani. Hatukumwimbia hata ubeti mmoja. Misa ya leo asubuhi tuliitolea kwa ajili yake, na binti yake yuko hapa, safu ya tatu. Binti yetu, tunakuomba msamaha mbele ya kanisa lote.

Wale walioweza kusafiri wameketi nasi leo wakiwa na sare za zamani, nyingine zimebana kidogo. Baadhi ni walimu walioondoka mwaka 2020 na hawakupata hata nafasi ya kuaga. Karibuni nyumbani. Nafasi zenu hatukumpa mtu.

Ndugu wapendwa, siku hizi mtu akitaja mmisionari tunamfikiria mgeni aliyetoka mbali na sanduku. Lakini katika mji huu karibu sisi sote tumetoka mahali: mwalimu kutoka Machakos, muuguzi kutoka Siaya, askari kutoka Nandi, mfanyabiashara kutoka Nyeri. Kila mmoja wetu amefika Garissa na ratiba ya wiki mkononi. Vijana wetu wanatuuliza umisionari ni nini, na huwa tunawapa majibu marefu. Leo tunawapa jibu fupi: nendeni siku ya Jumanne kwa yule ambaye hakuonekana Jumamosi. Msiende na hotuba. Nendeni mkaulize hali. Na mkikuta jirani wa dini nyingine amewatangulia, mshukuruni, mkae chini mjifunze kwake, kama Bradha alivyokaa kibarazani kwa fundi.

Mkutano wetu mkuu umekwisha kukifuta kile kifungu cha katiba. Mahali pake tumeandika kwamba jina la mwanakwaya litaondolewa kwa ombi lake mwenyewe tu, na kwamba akifariki litabaki, likiwekewa msalaba mdogo pembeni. Daftari jipya limechorwa safu nne.

Yule mama wa maziwa tulimwalika. Alisema biashara haimruhusu kukaa mchana kutwa, lakini ametuma lita kumi za maziwa ya ngamia kwa ajili ya karamu, na salamu moja: kijana wenu bado mwembamba, mlisheni. Mama, tumesikia. Atakula.

Kabla hamjaondoka, piteni mezani. Daftari jipya liko wazi na kalamu ipo, ya bluu. Si lazima uwe mwimbaji. Andika jina la mtu mmoja uliyezoea kumwona na humwoni tena, kanisani, kazini, au mtaani kwako. Kisha, katika safu ya nne, andika jina lako.

Jumamosi saa kumi, wizini kama kawaida.